Mlango ulio chini ya runinga



Wazazi wengi wakisikia neno intaneti, fikra zao huelekea kwenye kompyuta. Huiweka mahali pa wazi, huifunga kwa neno la siri na humuuliza mtoto anatazama nini. Lakini mashine ya michezo iliyo chini ya runinga huhesabiwa kuwa kichezeo tu, sawa na mpira.

Hesabu hiyo imepitwa na wakati. PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2000, ilionyesha pia filamu za DVD. Mwaka uliofuata Microsoft, kampuni iliyojijenga kwa programu za kompyuta, ilileta Xbox yenye diski ya kuhifadhia na tundu la waya wa mtandao. Mwaka 2002 ikaanzisha huduma ya kuwakutanisha wachezaji wa mbali, wakisemezana kwa sauti. Xbox 360 ya mwaka 2005 iliweza kuchukua picha na nyimbo zilizomo katika kompyuta ya chumba kingine na kuzileta kwenye runinga. PlayStation 3 ya mwaka 2006 ikaweza kufungua kurasa za intaneti. Hivyo kichezeo kikaingia katika ushindani na kompyuta: kipi kiwe kitovu cha mtandao wa nyumba?

Nani ameshinda si swali letu. Letu ni hili: tumeweka bawabu mlango mmoja, nao wa pili tumeuacha wazi. Kwa mlango huo mtoto husemezana na asiowajua, hununua vitu kwa fedha za mzazi, na hukesha hadi Alfajiri ikampita.

Dawa si kuivunja mashine. Ndani yake mna sehemu ya mipangilio iliyotengwa kwa ajili ya wazazi. Mzazi na aifungue mwenyewe, aweke neno la siri asilolijua mtoto, kisha achague michezo inayolingana na umri wake, saa za kucheza, kiwango cha fedha na watu wa kuzungumza naye. Halafu aketi kando yake, acheze naye japo mara moja, apate kujua kinachompendeza mwanawe.

Mgeni akibisha hodi usiku, humuuliza jina kabla ya kumfungulia. Watoto ni amana, na amana haichagui mlango wa kulindwa. Allah atuwezeshe. Amin.