Kanuni humlinda asiye na mjomba ofisini

Mwananchi aliyezungushwa wiki nzima kwa barua moja ya utambulisho hana hamu ya kusikia sifa za urasimu. Lakini kinachomtesa si wingi wa kanuni. Mara nyingi ni kanuni zilizoachwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye funguo za kabati.

Max Weber, msomi wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1920, alizichambua kanuni za urasimu kwa kina: ngazi za mamlaka zinazojulikana, taratibu zilizoandikwa, ajira kwa sifa zilizothibitishwa, na kumbukumbu ambazo ni mali ya ofisi, si ya ofisa. Masijala inayofanya kazi huonyesha maana yake. Barua hugongwa muhuri wa kupokelewa, huingizwa kwenye rejista, kisha huwekwa kwenye jalada na kupewa namba ya folio. Ofisa akiandika dokezo, huweka saini na tarehe. Akihamishwa, anayempokea hufungua jalada na kuendelea pale pale. Mjane anayefuatilia mirathi halazimiki kufahamiana na mtu yeyote humo ndani.

Tanzania imeonja gharama ya kuzipuuza kanuni hizi. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Vyeti vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, jambo ambalo mwajiri angeweza kulifanya siku ya kwanza. Lingefanyika mapema, shule na zahanati zisingepoteza watu kwa mkupuo.

Tena uhakiki huo haukuwagusa viongozi wa kisiasa, wakiwamo wakuu wa mikoa na wilaya. Hilo halikuwa sawa. Karani akiulizwa cheti, mkubwa wake naye aulizwe.

Sasa kila mwajiriwa mpya awe na majibu ya Baraza kwenye jalada lake kabla ya mshahara wa kwanza. Na mwananchi anayepeleka maombi aondoke dirishani na namba ya kumbukumbu, cheo cha ofisa anayeyashughulikia na tarehe ya kupata jibu. Tarehe ikipita, aipeleke namba hiyo ngazi ya juu bila kubembeleza mtu wala kutoa chai.