Kingereza ku univerisite: asistenti akichanganya luga, ni kosa?



Mu mikutano yetu ya sendika, wazazi wanatuletea lalamiko moja: "Mtoto anasoma Kingereza ku univerisite, lakini asistenti anachanganya. Kingereza kidogo, Kifaransa, kisha Kiswahili. Minerivali tunalipa ya nini?" Hasira hiyo tunaielewa, maana makuta ya masomo inatoka ku mshahara wa mu mine. Lakini tuangalie mambo vizuri.

Kuchanganya si uvivu kila wakati. Mu Kiswahili tunasema "yeye" kwa baba na kwa mama. Kingereza kinatenganisha: "he" ni mwanaume, "she" ni mwanamke. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kumuita mama yake "he". Asistenti akieleza tofauti hiyo mu Kiswahili dakika mbili tu, inaeleweka mbio. Kifaransa nacho kinadanganya: "librairie" ni duka la vitabu, lakini "library" ya Kingereza ni bibliyoteke. Bila kulinganisha luga, mtoto atajuaje?

Sisi wenyewe mu mine tunafundisha hivyo. Fundi anataja jina la chombo mu Kifaransa, anaeleza hatari yake mu Kiswahili, kisha anasema: sasa fanya, nione. Hakuna anayesema fundi huyo hajui kazi. Na Kiswahili chetu cha Katanga kilikomaa mu makambi ya Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, kati ya watu waliotoka pande nyingi, kila mtu na luga yake.

Lakini kuna mpaka. Kama somo linakwisha na mwanafunzi hajafungua kinywa kwa Kingereza, hapo ndipo tumeibiwa. Kiswahili kinafungua somo, hakichukui nafasi yake. Fundi asiyesema "fanya, nione" hajafundisha.

Jambo hili linatugusa. Leo kontra na maelezo ya mashine zinakuja pia mu Kingereza na mu Kichina. Anayekariri bila kuelewa, kesho atasaini bila kuelewa.

Basi wazazi, jioni tusimuulize mtoto: "Asistenti alisema luga gani?" Tumuulize: "Wewe leo ulisema nini kwa Kingereza?" Akinyamaza siku nyingi, hapo tuko na haki ya kwenda kubisha mlango wa univerisite, sisi wote pamoja.