Ukipenda Wimbo, Lipa Wimbo

Wiki jana mteja alisimama kwa kibanda chetu hapa Gikomba, akashika jaketi ya jinzi, akauliza ni nani anaimba kwa simu yangu. Nikamwambia: Justin Townes Earle, Mmarekani wa kantri, aliaga 2020 akiwa na miaka 38, dawa za kulevya. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kila kitu. "Ndiyo maana anaimba hivyo. Msanii lazima aumie kwanza." Sikumjibu, maana alikuwa hajalipa. Namjibu leo.

Kantri tunaijua. Kwetu Jumapili asubuhi ilikuwa chai, mandazi na Jim Reeves kwa redio ya mathe. Ya Justin ni ile kantri ya pembeni, isiyotafuta kupendeza redio kubwa za kwao: gita, kidole gumba kikipiga besi, maneno makavu. Babake ni Steve Earle, mwanamuziki mkubwa, aliyeondoka nyumbani kijana akiwa bado mdogo, akazama kwa heroini hadi akafungwa mwaka 1994. Jina la Townes lilitoka kwa Townes Van Zandt, mtunzi hodari ambaye chupa haikumwacha azeeke.

Sasa watu huifanya stori hii ngano tamu: baba, jina, sindano, halafu nyimbo. Kana kwamba dawa ndizo zilishika kalamu. Uongo mtupu. Dawa zilimfanya atimuliwe kwa bendi ya babake. Ni baada ya kujikokota na kuziacha kwa muda ndipo rekodi zilianza kutoka, kuanzia 2007. Wimbo uliobeba jina la albamu ya 2010, Harlem River Blues, ulishinda tuzo ya wimbo wa mwaka ya Americana mwaka uliofuata. Mwaka 2014 akatoa Single Mothers, 2015 Absent Fathers. Mtu wa Eastlands hahitaji kutafsiriwa majina hayo. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa chini akaandika, akafuta, akaandika tena.

Nasema hivi kwa hasira kwa sababu buda yangu alipiga gita kwa baa. Mtu akipenda wimbo, alituma chupa mbele. Usiku ukiisha buda ana chupa sita na hana nauli. Wote walimpenda, na hakuna aliyemlipa. Mimi niliacha chuo karo ikinishinda, gita lake liko chini ya kitanda changu, na bado kuna marafiki wananiambia nikiandika nikiwa na stimu nitatoa kitu moto.

Uliza nani anafaidi na imani hiyo. Ukiamini maumivu ndiyo mtaji wa msanii, huna haja ya kumlipa, wala kumpeleka hospitali. Unakaa tu mezani kwako ungoje aumie vizuri.

Na jina la mzazi si hukumu. Ni kama robota la mtumba: mwingine anatoa kamera, mwingine anabaki na fagia, lakini mafundi wako hapa hapa, nguo inapunguzwa mikono ikakutosha. Joseph Kamaru alituachia hazina ya nyimbo za Kikuyu alipofariki 2018. Mjukuu wake, naye Joseph Kamaru, anayejiita KMRU, anazirudisha nyimbo hizo mtandaoni ili zisikike tena. Wakati huo huo anatengeneza muziki wake wa sauti za mazingira na mashine, usiofanana na wa babu hata kidogo. Amelibeba jina bila kulifia.

Tarehe 4 Januari 2021, siku ambayo Justin angetimiza miaka 39, Steve Earle alitoa albamu inayoitwa J.T., baba akiimba nyimbo za mwanawe, mapato yakiwekewa mjukuu aliyeachwa yatima. Ni albamu nzuri sana. Ningependa isingekuwepo.

Mteja wangu, kama unasoma: jaketi nilikupunguzia mpaka mia tatu, na ulilipa, asante. Basi usiku huu ukimpata kijana na gita kwa kona ya baa, mfanyie vivyo hivyo. Mpe pesa mkononi. Chupa wacha.