Ghorofa inaweza kungoja, dirisha haliwezi

Ndugu zetu wa Jinja na Mbale, na ninyi dada na kaka wa mashirika mnaotusoma hapa: mchoro wa nyumba ya vijana umefika, na wengi wetu hatuutaki. Tunaandika kueleza sababu, maana kwenye grupu watu wameanza kusema tunachezea bahati. Mkimbizi anapewa nyumba halafu anauliza madirisha? Ndiyo, tunauliza.

Kwa wale ambao hawakufuatilia: kuko ploti upande wa Bugembe, futi 25 kwa futi 100. Mwenye ploti, mama mmoja mzee, yuko tayari kutukodisha kwa miaka 49. Shirika moja limeahidi pesa za kujenga. Vyumba vitapangishwa kwa vijana wenzetu kwa bei ya chini, na kodi itabaki kwenye akiba ya kikundi. Mpaka hapo hakuna mwenye ugomvi.

Ugomvi uko kwenye mchoro wenyewe. Umepanga vyumba 16, safu mbili zinazotazamana, kila chumba futi 10 kwenda ndani, na katikati korido ya futi 5 iliyofunikwa mabati. Jumlisha: 10 na 5 na 10 ni 25. Ploti yote imeisha, ukuta hadi ukuta. Mgongo wa kila chumba umeegemea mpaka wa jirani, kwa hiyo dirisha la nyuma haliwezekani. Mwanga pekee unapitia mlangoni, na mlango wenyewe unafungukia korido ya giza. Hii ni mizigo ileile tunayopanga leo, sema tu imepakwa rangi mpya na ina bango la mfadhili.

Sisi tunaishi humo, tunajua gharama yake. Saa nane mchana, jua kali nje, ndani unawasha taa. Yaka inakula pesa mchana na usiku. Nguo hazikauki, godoro linanuka ukungu. Mtoto anafanya homework akiwa amekaa kizingitini, miguu nje, na mvua ikianza masomo yameisha. Mtu mmoja akiwa na kifua kikuu kwenye chumba kisichopitisha hewa, wanaolala naye wanavuta hewa ileile usiku kucha. Hilo halihitaji semina.

Sasa wengine wanasema: ploti nyembamba hivyo mtafanyaje? Ndipo tunapotofautiana nao. Ploti nyembamba si tatizo. Tatizo ni kuijaza yote chini wakati hewa yote ya juu iko bure.

Anza na jua. Jinja iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, chini ya nusu digrii upande wa kaskazini. Mbale iko digrii moja hivi. Maana yake jua letu la mchana linapita karibu juu ya kichwa mwaka mzima. Mwezi wa sita linainama kidogo kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linainama kidogo kusini, na hata likiinama kabisa halizidi digrii 25 kutoka utosini. Watu wa London hawana bahati hiyo. Kule Desemba jua la mchana liko chini sana, linachungulia juu ya mapaa na kuondoka. Vitabu vingi vya ujenzi vimeandikwa kwa ajili ya jua lao, si letu.

Jua la juu namna hii linaweza kushuka ndani ya uwazi mwembamba. Chukua nyumba mbili za ghorofa moja, zenye urefu wa kama mita 6 kwenda juu, acha kati yao ua wa futi 10, yaani mita 3 hivi. Siku ambayo jua limeinama zaidi kuliko siku zote, kivuli cha ukuta wa mita 6 kinafika kama mita 2 na sentimita 70. Ua una mita 3. Kwa hiyo hata hiyo siku, jua la kati ya mchana (kwetu ni karibu saa saba kasoro robo) linagusa sakafu ya chini. Siku nyingine zote linagusa zaidi. Kijana wetu mmoja aliyesoma ufundi alituchorea hesabu hii kwenye karatasi ya chapati, na tumeirudia mara tatu.

Kwa hiyo mchoro wetu ni huu. Toka barabarani acha futi 10. Jenga jengo la mbele, upana wote wa futi 25, kina futi 20, ghorofa moja. Halafu ua wa futi 10. Halafu jengo la nyuma, sawa na la mbele. Kila jengo lina vyumba vinne chini na vinne juu: viwili vinatazama upande mmoja, viwili upande wa pili, na njia ya kupita katikati. Ukihesabu majengo mawili unapata vyumba 16, namba ileile ya mchoro wa shirika (tumekadiria tu, unene wa kuta haumo), na kila chumba kina dirisha linalotazama nje. Tumetumia futi 60. Zinabaki 40 nyuma kwa vyoo, jiko, kamba za nguo, na mistari michache ya lengalenga.

Ploti yetu inalala kaskazini hadi kusini, na hiyo ni zawadi. Madirisha yote yatatazama kaskazini au kusini, ambako jua huwa juu na ni rahisi kulizuia: upenu wa sentimita 60 unatia kivuli zaidi ya mita moja ya ukuta mchana. Jua baya ni la asubuhi na la jioni, linaloingia limelala na kupasha chumba moto mpaka usiku. Hilo litagonga kuta za pembeni ambazo hazina dirisha. Kama ploti ingelala mashariki hadi magharibi tungepanga upya, ndiyo maana tunaomba wenzetu wa Mbale wasinakili mchoro huu bila kusimama kwanza kwenye ploti yao asubuhi na jioni. Kule pia mlima Wanale uko upande wa mashariki, jua la asubuhi linachelewa kuwafikia.

Mtu akisema haya ni mambo ya matajiri, atembee Main Street ya Jinja. Zile nyumba za zamani za Wahindi, zenye majina na miaka juu ya paa, ni nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma. Duka liko chini, watu walilala juu, mbele kuna baraza la kivuli, nyuma kuna ua. Mbale katikati ya mji utakuta mtindo huohuo. Wenye maduka wale walinunua upana kidogo wa barabara, wakajua mwanga utatoka nyuma na juu. Na sisi tunazitazama kwa jicho la pekee, kwa sababu mwezi wa nane 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Waliojenga zile nyumba wakawa wakimbizi kama sisi. Wengine walirudi miaka ya 1990 kudai mali zao, wengine hawakurudi. Wapangaji waliokuja baadaye wameziba nyua nyingi kwa mabati ili wapate stoo, na ukiingia leo unafikiri nyumba ilijengwa na giza lake. Hapana, giza liliongezwa.

Lamu nako, mji wa kale wa Waswahili wenzetu wa pwani, nyumba zimebanana mpaka ukuta wa mmoja ni ukuta wa mwingine, na mwanga unashukia uani. Vyumba vyao ni vyembamba kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazikuvuka mita 3. Chumba chembamba kikifunguka uani kinapata mwanga mpaka ukuta wa mwisho. Chetu cha futi 10 ni kipimo hichohicho.

Tufike kwenye pesa, maana hapo ndipo ukweli unapouma. Ghorofa ni ghali. Paa linapungua nusu na msingi unakuwa mfupi, lakini msingi huo lazima uwe imara zaidi, na unaongeza nguzo, ngazi na sakafu ya juu. Simenti inatoka Tororo, si mbali, lakini nondo hazina huruma. Kwa makadirio ya fundi wetu, pesa za shirika zinazotosha vyumba 16 vya giza zitatosha jengo moja tu la kwetu: vyumba 8. Kuko vijana wanane ambao wangelala Bugembe mwaka huu na kwa mchoro wetu hawatalala. Tunawajua kwa majina. Mmoja wao ni kati ya wanaoandika maneno haya, na yeye ndiye mkali kuliko sisi wote kwamba mchoro ule usijengwe.

Sababu yake ni hii. Vyumba 8 vingine vinaweza kujengwa baadaye, kwa kodi na akiba, jengo la nyuma likifuata la mbele. Lakini ukijaza ploti leo, hakuna siku utakayopata dirisha. Jirani naye atajenga mpaka mpakani, na hutabomoa chumba cha mpangaji ili kumpa mwenzake mwanga. Mradi wa shirika unaisha baada ya mwaka, watapiga picha, wataandika ripoti. Sisi tunabaki na lizi ya miaka 49.

Wengine wamependekeza njia ya katikati: tujenge chini tu kwa majengo yote mawili, tuache nondo juu, ghorofa ije baadaye. Tumeifikiria, hatuikatai kabisa, ila hatuipendi. Jinja imejaa nondo zinazochungulia angani miaka na miaka zikila kutu. Na kumjengea mtu juu ya kichwa akiwa ndani analala ni shida ya kila siku. Afadhali jengo moja lililokamilika, na uwanja wa nyuma mtupu ambao hauwezi kutuudhi.

Bei inaweza kushuka. Ngazi iwe nje, uani, ikiegemea ukuta wa pembeni, haili chumba. Choo cha juu kikae sawasawa juu ya cha chini ili bomba liwe moja. Tailizi tuziache, sakafu ya simenti iliyosuguliwa inatosha. Kuta za ua zipakwe chokaa nyeupe kila mwaka, maana ukuta mweupe unasukuma mwanga mpaka chumba cha chini kabisa, na ni kazi ya vijana ya Jumamosi moja. Madirisha yawekwe juu, karibu na dari: mwanga unaingia ndani kama mara mbili ya kimo cha juu cha dirisha. Kwa sakafu ya ghorofa, hapa Jinja wanachama wa shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, NSDFU, wanajua kufyatua mihimili midogo na vibamba vya zege wanavyoita laadi, ujuzi uliotoka India. Tungependa shirika lilipie vijana wetu wakajifunze kwao badala ya semina nyingine hotelini.

Kuna pahali hatutapunguza. Msingi, nguzo na sakafu ya juu lazima vichorwe na injinia na kupitishwa na wakaguzi wa jiji, kama sheria ya ujenzi ya 2013 inavyotaka. Fundi wetu ni mzuri sana, tunamheshimu, lakini ghorofa imeshaua watu Uganda hii.

Wenzetu wa Mbale wana sababu nyingine ya kutaka ghorofa. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu zaidi ya 20 wakafa. Anayeishi sehemu za chini za Namatala anajua maji yanaingia chumbani kabla hujapata viatu. Chumba cha juu ni mahali pa kukimbizia watoto, godoro, na ile bahasha ya atesteshoni na vitambulisho ambayo kila mmoja wetu anajua imekaa wapi.

Mambo mawili kabla ya kusaini. Kwanza, sheria ya ardhi ya 1998 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi mpaka miaka 99, na lizi ya miaka 5 au zaidi inapaswa kusajiliwa. Karatasi yenye mhuri wa mwenyekiti wa LC1 ni nzuri, tutaitafuta, lakini haitoshi kuwekea ghorofa juu yake. Tunaomba shirika litupe mwanasheria kabla ya kutupa simenti.

Pili, ua. Tunataka iandikwe kwenye lizi na kwenye katiba ya kikundi kwamba zile futi 10 za katikati hazijengwi, haziezekwi, hazipangishwi, hata mwaka ule tutakapokuwa na shida ya pesa na mtu mwenye maneno matamu atakapoleta wazo la stoo. Sigiri pia zisipikiwe hapo, moshi unapanda moja kwa moja kwa walioko juu. Jiko liko nyuma.

Mkutano na shirika ni Jumamosi hii. Mwenye tepu ya kupimia aje nayo, na wa Mbale mtakaoweza kufika, nauli ya kurudi tutachanga.