Mota ikichemka, usilisingizie jua

Harufu ya vanishi inayoungua, ukishaisikia mara moja huisahau. Fundi anakereza shafti ya kinu cha mahindi, au bushi ya boti inayosubiri kule bandarini Kalundu, mara mota ya mashine inaanza kunuka. Anazima. Watu wanakusanyika, na kila mmoja ana maelezo yake. Nimeyasikia maelezo hayo katika atelie za Uvira, kuanzia Kavimvira hadi bandarini, na karibu yote yana kasoro moja: aliyeyatoa hakupima kitu. Tuyachambue moja moja.

"Ni joto la Uvira."

Jua letu ni kali, na chini ya mabati linazidi. Lakini mota za kawaida za karakana zimeundwa kufanya kazi katika hewa yenye joto la hadi nyuzi 40. Herufi iliyo kwenye kibao cha mota inaeleza koili zinavumilia kiasi gani: B ni nyuzi 130, F ni 155. Kwa hiyo ganda lenye nyuzi 65, ambalo kiganja hakiwezi kutulia juu yake, laweza kuwa la mota nzima kabisa. Wengine husingizia mwinuko, kwamba hewa ya huku juu ni nyepesi haipozi vizuri. Mtu wa Bukavu, aliye karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, anaweza kusema hivyo akasikilizwa, maana mota huhesabiwa kwa mwinuko wa hadi mita 1,000. Sisi wa Uvira tuko kando ya ziwa lililo kwenye mita 770 hivi. Kabla ya kulaumu hewa, angalia feni ya nyuma. Vumbi likishikana na oili na kuziba matundu, mota inakosa pumzi hata saa nane ya usiku.

"Umeme ukishuka, mota nayo inakula kidogo."

Dai hili nalipinga kuliko yote, kwa sababu linaonekana kuwa na akili. Limetoka kwenye balbu ya zamani: volti zikipungua inafifia, inatumia kidogo, na inadumu. Mota haiendi hivyo. Kisu kikishauma chuma, kazi ni ileile, na mota hujitahidi kubaki karibu na kasi yake. Kilichopungua kwenye volti inakifidia kwa amperi. Chukua mota inayovuta amperi 11 kwenye volti 220. Volti zikiwa 180, kwa kazi ileile itavuta zaidi ya 13. Nyongeza inaonekana ndogo, ila joto la waya hupanda kwa mraba wa amperi, kwa hiyo litazidi kwa karibu nusu. Na nguvu ya kuanzia inapungua kwa theluthi: mota inachelewa kushika kasi, na muda wote huo inavuta amperi nyingi mno.

Jioni, mtaa mzima unapowasha taa na majiko kwa umeme wa Ruzizi, volti zinaweza kushuka kweli. Lakini mwizi anaweza kuwa ndani ya atelie yenyewe: waya mwembamba wa mita 40 uliopitishwa juu ya paa kutoka kwa jirani. Ukipima kwenye soketi huku mashine imezimwa, utasoma 220 na kuridhika. Apime fundi umeme pale waya unapoingia kwenye mota, kisu kikiwa kinakata. Namba ya hapo ndiyo mota inayoishi nayo.

"Fyuzi inakatika bure, weka nene."

Haikatiki bure. Fyuzi inalinda waya. Mota inalindwa na relei ya joto, iliyowekwa kwenye amperi zilizoandikwa kwenye kibao. Ukifunga kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi, umemfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele. Kwenye mota ya fezi tatu hatari ni kubwa zaidi: fezi moja ikipotea, mota iliyokwisha kuzunguka itaendelea kuzunguka, ikinguruma, huku mbili zilizobaki zikibeba karibu mara 1.7 ya mzigo wake wa kawaida. Fyuzi nene haitajua lolote.

"Volti 220 ni volti 220."

Soma mstari unaofuata kwenye kibao. Mashine za mitumba zinazotufikia kupitia Dar es Salaam na Kigoma nyingine zilizaliwa nchi za hezi 60, na umeme wetu ni wa hezi 50. Kibao kikisema mizunguko 1,725 kwa dakika, hiyo si ya huku. Ndugu yake wa hezi 50 angesoma 1,400 na kitu. Ukiipa mota ya hezi 60 volti zilezile kwa hezi 50, sumaku ndani ya chuma chake inazidi kwa sehemu moja ya tano, chuma kinashiba, na mota inachemka hata mandreni ikiwa tupu. Hiyo ndiyo dalili ya kuishika: joto bila kazi.

"Imeanza vizuri, basi ndani ni nzima."

Mota ya fezi moja yenye kapasita mara nyingi huwa na koili ya kuanzia, inayohitajika kwa sekunde chache tu. Ikifika kama robo tatu ya kasi, swichi ya ndani huikata. Tega sikio: "ta!" inapopanda, na "ta!" nyingine inaposhuka baada ya kuzimwa. Usipozisikia, huenda swichi imeganda na koili hiyo inaendelea kuungua kimyakimya. Kabla ya kufungua, chomoa waya, kisha kapasita itolewe umeme wake, maana hurusha mkono hata mashine ikiwa imelala.

"Isukwe upya, yaishe."

Koili mpya zikirudi kwenye waya uleule mwembamba zitaungua kama za kwanza, na utalipa mara ya pili. Mashine ikiwa bado nzima, andika namba tatu kwa chaki ukutani, juu ya swichi: volti ikiwa tupu, volti ikikata, amperi ikikata. Siku mota itakaponuka, pima tena, kisha wote waliokusanyika waonyeshe ukuta.