Kompyuta Bishoo, Kazi Hakuna!

Wiki hii nina dukuduku, naomba msinikatishe.

Juzi nipo zangu stationari ninapochapia, kaingia dada mmoja anahema. Barua ya maombi ya kazi, mwisho saa kumi jioni! Saa yenyewe tisa na nusu. Na mie laptopu yangu ya mtumba, memori gigabaiti 4 tu, usiku kucha nilikuwa naipamba: madirisha yanaonyesha ng'ambo kama kioo, ukifunga yanayeyuka, nyuma maporomoko ya maji yanatiririka. Washikaji walipoiona walipiga miluzi.

Basi bwana, nabonyeza herufi, dada anameza mate mara mbili ndipo inatokea. Barua ikaondoka saa kumi na dakika mbili. Hakunigombeza. Alilipa, akatoka kimya, na hilo ndilo lililoniuma.

Ugonjwa huu siuugui peke yangu. Windows Vista ilipoingia madukani Januari 2007, ilikuja na vioo vyake, jina Aero. Kuvifaidi, Microsoft wenyewe walitaka memori gigabaiti 1 na kadi ya picha ya megabaiti 128. Marekani watu wakaenda mahakamani mwaka huohuo: wamenunua kompyuta zenye kibandiko kwamba zinaiweza Vista, kumbe vioo haviwaki! Windows 8 ya mwaka 2012 ikaving'oa vile vioo kwenye fremu za madirisha.

Ila tusionee. Mwenye kadi ya picha ya maana haumii sana, maana kadi ndiyo inayochora mapambo. Sisi wa mitumba kadi zetu hazina memori yake, zinakopa ileile ya kazi. Ni kama mpangaji mwenzio anayeoga kwa maji ya ndoo yako.

Usiku ule nikazima uangavu, nikazima mbwembwe za madirisha. Kusema kweli nafuu ilikuwa kiduchu. Mwizi mkubwa alikuwa yale maporomoko, programu nzima inayokimbia muda wote nyuma ya madirisha ambapo hata huioni! Nikaifuta. Kulainisha herufi nimeacha, maana ukizima zinakuwa kama zimetafunwa na panya.

Sasa hivi skrini yangu ya bluu tupu, washikaji wananiita mzee. Yule dada akirudi namchapia bure, ila mpaka leo sijamwona.