Timu ya Shule Isipande Daraja

Tangu Kagera Sugar iliposhuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2024/2025, swali moja halikosekani katika mazungumzo ya wapenzi wa kandanda wa Bukoba na Muleba: nani ataurudishia mkoa huu hadhi yake? Katika majibu yanayotolewa limo moja ambalo sisi hatuwezi kulinyamazia. Husemwa kwamba shule na vyuo vyetu vimejaa vijana wenye vipaji. Basi shule moja, au chuo kimoja, kiandikishe timu katika ligi ya wilaya, kipande hadi ya mkoa, na hatimaye kifike Ligi Kuu yenyewe. Tunalipinga jibu hilo, na tunalipinga kwa kuwa tunaupenda mchezo.

Wenye rai hiyo hawakosi mfano. Ng'ambo ya Ziwa, jijini Mwanza, timu ya Alliance iliyozaliwa na shule ilipanda ngazi baada ya ngazi hata ikaingia Ligi Kuu msimu wa 2018/2019. Hilo halikuwa jambo dogo, na waliolitenda wanastahili heshima. Lakini wanaousimulia mfano huo hupenda kuukatia hapo. Ligi ya miaka ile ilikuwa na timu 20. Kila timu ilicheza michezo 38, na 19 kati ya hiyo ilikuwa ya ugenini. Baada ya misimu miwili, mwaka 2020, Alliance ilishuka pamoja na Ndanda, Lipuli na Singida United. Hatusemi kwamba ilianguka kwa kuwa ni ya shule, maana hao wengine watatu hawakuwa wa shule nao walianguka. Tunalosema ni kwamba ratiba ya ligi haimwulizi mchezaji kama kesho ana mtihani.

Hebu na tuipime ratiba hiyo kwa hali ya Bukoba. Ligi Kuu ya sasa ina timu 16, yaani michezo 30, na nusu yake ni ya ugenini. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300, na Dar es Salaam si mwisho wa nchi. Mwanafunzi wa kidato cha tano atakayecheza Mtwara siku ya Jumamosi hana budi kuondoka nyumbani Jumatano, na atakaporejea Jumanne wenzake watakuwa wameshamaliza sura nzima ya hesabu. Mara moja si neno. Mara kumi na tano katika mwaka ni kumwachisha shule bila kumwandikia barua.

Atajibu mtu: basi wanafunzi wabaki darasani, na shule iajiri wachezaji. Naam, hapo ndipo safari hii inapoishia siku zote! Mlezi wa timu hutaka pointi, mwalimu wa timu huogopa kufukuzwa, nao vijana wa miaka kumi na saba hupangwa benchi ili nafasi zao zichukuliwe na watu wazima waliosajiliwa kutoka mbali. Mwishowe shule itakuwa na timu yenye jina lake na rangi zake, ilhali wanafunzi wake wamekuwa watazamaji wanaolipa kiingilio. Je, hiyo nayo tuiite elimu?

Haifai kusahau kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya UMISSETA na UMITASHUMTA ilisimamishwa, kana kwamba mpira ulikuwa adui wa kitabu. Wengi walilalamika, na kwa haki. Lakini tukitazama vizuri, yule aliyetaka kuuondoa mchezo shuleni na huyu anayetaka kuupeleka sokoni wana imani moja: wote wawili wanaona kwamba mchezo si sehemu ya masomo. Taifa hili lilianza na fikra nyingine. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Elimu ya Kujitegemea, ilitungwa sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Na kijana aliyefundishwa kulima, kusoma na kucheza alihesabiwa kuwa mtu mmoja, si watatu.

Mkulima wa Muleba anajua kwamba katika shina moja la mgomba wamo mama, mtoto na mjukuu. Mama akishatoa mkungu hukatwa, na mtoto hutunzwa ashike nafasi yake. Hatujamwona bado mkulima anayemng'oa mjukuu kumpeleka sokoni kwa sababu mkungu wa mama umeharibika mwaka huu. Kagera Sugar ni timu ya kiwanda. Kupanda na kushuka ndiyo kazi yake, na sisi tutakuwa wa kwanza kwenda Kaitaba kuishangilia itakapopanda. Lakini mzigo wake isitwishwe Ihungo, wala Nyakato, wala Kahororo.

Kazi ya shule iko karibu zaidi, na ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kati ya Bukoba na Muleba ni kilomita zipatazo 70 tu. Shule na vyuo vya pande hizi vyaweza kushindana kila Jumamosi, na jioni kila mwanafunzi akalala kitandani kwake. Wapatikane walimu wa michezo waliosomea kazi hiyo, maana chuo cha Malya hakikujengwa kwa ajili ya mapambo. Wanafunzi wenyewe wafundishwe uamuzi, utunzaji wa uwanja na hesabu za mapato. Mwalimu atakayetoka Katoke hali amepata kupuliza filimbi mbele ya watu mia tatu wenye hasira ataufikisha mchezo katika shule ya msingi ambayo Ligi Kuu haitafika kamwe. Na visiwa visisahauliwe: kijana wa Bumbire ana haki ya mashindano, hata kama mashua itachelewa na mchezo kuanza saa kumi na moja.

Lipo pingamizi moja lenye uzito, kwamba pasipo ligi kubwa vipaji vya vijana havitaonekana. Sisi tunajibu kwamba anayetafuta wachezaji ndiye anayepaswa kutembea. Kijana amalize masomo yake, kisha aende klabu akiwa na cheti mfukoni pamoja na viatu vyake, ili siku goti litakapovunjika asirudi nyumbani mikono mitupu. Viongozi wa klabu wasiwangoje vijana walangoni pa Kaitaba. Kutoka hapo hadi Muleba ni mwendo wa saa moja na ushei, na barabara ni ya lami.